Dua ya Futari Mkahawani Seri Garing

Jumatatu, 17 Machi

Ramadhani ya kumi na sita. Mji mzima wa Sungai Petani hakuna anayesoma dua ya futari kama mimi, Deraman bin Lazim. Mkahawa wa kuku wa Seri Garing umenikabidhi kipaza sauti mwezi mzima. Nikifungua mdomo, hata mafuta ya kukaangia yanaacha kuchemka ili yasikilize.

Uongo. Anayesoma ni Kasa, karani mstaafu wa shule, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Mimi sijawahi kusoma dua mbele ya umati, labda uhesabu paka.

Taabu ni kwamba uongo huo nimeshauuza. Asubuhi alipiga simu Haji Bakhtiar wa Pulau Pinang, kisiwa cha ng'ambo ya daraja, baba wa kijana aliyemposa binti yangu Suhaila. Mtu wa kamati ya msikiti. Hucheka mara moja kwa mwaka, na mwaka huu bado. Akauliza, kwa sauti ya kupekua, eti mimi najishughulisha na nini katika mwezi huu mtukufu. Ulimi ukateleza! Sasa anakuja Ijumaa na mkewe na mwanawe, wafuturu palepale Seri Garing, anisikie kwa masikio yake, ndipo tupange tarehe ya harusi. Tarehe ambayo Suhaila anaingoja tangu mwaka jana.

Mke wangu Halijah alisikia yote kutoka jikoni. Akasema binti yake akiachwa kwa sababu ya mdomo wangu, Idi nitakula na huyo paka.

Jioni nikamwendea meneja, Hafizuddin, kijana mpole. Nikamshauri ampumzishe Kasa, mzee wa watu amechoka. Akanijibu kwa adabu kwamba, babu, mwaka juzi ulipewa kipaza sauti dakika moja tu, ukatangaza pikipiki yako inauzwa.

Kweli. Na haikununuliwa.

Jumanne, 18 Machi

Nguvu zimeshindwa, twende kwa hila. Dua ni koo. Koo likiharibika, watatafuta koo jingine. Hesabu rahisi, hata kwangu niliyeishia darasa la nne.

Nikamwalika Kasa kufuturu Seri Garing. Nikamwagizia vipande sita vya ule kuku wa pilipili, mwekundu, unaowaliza vijana. Juu yake mchuzi wa pilipili: nilibonyeza pampu mpaka ikakohoa. Na barafu tele. Nikala naye sahani kwa sahani, asije akashuku.

Kumbe Kasa alikuwa na mafua siku tatu! Kipande cha pili, jasho. Cha tatu, pua ikazibuka. Cha tano akapiga chafya moja iliyozima mazungumzo ya meza nne, na baada ya hapo sauti ikamtoka safi kama kengele. Akanishika mkono na vidole vyake vya mafuta, akasema, "Deraman, wewe si mtu, wewe ni tabibu!" Kisha akala na paja langu.

Koo lililoziba ni langu.

Jumatano, 19 Machi

Sauti hakuna. Habari za tumbo siandiki, daftari hili ni safi.

Wakati wa daku nilimwomba Halijah maji ya tangawizi kwa ishara za mikono. Akasema tangu tuoane nyumba haijapata kuwa na amani namna hii. Kulipokucha akamwita mama wa nyumba ya mbele aje asikie kimya. Akaja! Wakakaa kukisikiliza.

Suhaila hakucheka. Aliketi kando yangu, akaniuliza polepole kama kweli mimi ndiye msomaji wa dua. Nikatikisa kichwa juu chini, kisha kushoto kulia. Achague mwenyewe.

Hakuchagua. Alinikunjia tu blanketi miguuni akaenda kazini. Hilo liliniuma kuliko pilipili.

Alhamisi, 20 Machi

Sauti imerudi nusu. Leo nimefanya jambo ambalo mwanamume hulifanya akiishiwa na maarifa yote: nimesema kweli.

Nilikwenda kwa Kasa nikamweleza kila kitu, hadi ile nia ya pilipili. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Akasema miaka arobaini amekaa jirani na mwizi wa koo asijue. Kisha akajifuta macho. Akasema Suhaila ndiye humpeleka mkewe kliniki kila mwezi, kwa hiyo kwa ajili ya Suhaila, wala si kwa sura yangu hii, kipaza sauti cha Ijumaa ni changu. Yeye atazungumza na meneja.

Akaninyooshea na karatasi ya msikiti yenye saa za kufuturu. Mkahawani adhana ya msikiti haisikiki kwa kelele za barabara na makarai, hivyo anayesoma dua ndiye anayetangaza wakati.

Karatasi! Nikamwambia akafungie karanga. Mimi nina simu inayoadhini yenyewe. Mwanangu Fadhil aliniwekea mwanzo wa mfungo nilipokuwa kwake Kota Bharu, huko mashariki, na siku zote nilizokaa huko haikukosea hata sekunde. Tangu nirudi nimeizima mlio tu, kwa sababu alfajiri inamshtua Halijah. Kesho nitaiwasha.

Kasa akafungua mdomo kusema kitu. Akaufunga. Wivu huo!

Ijumaa, 21 Machi

Lazima niandike haraka kabla sijaanza kuona haya.

Mkahawa umefurika. Saa kumi na mbili unusu kila meza ilikuwa imewekewa pakiti ya tishu, ishara kwamba ina mwenyewe. Saa moja watu wote wameketi, trei mbele yao, kuku wanatoa mvuke, tende mkononi, hakuna anayegusa. Hapo ndipo utaijua imani ya mtu. Haji Bakhtiar katikati, kanzu imepigwa pasi mpaka ingeweza kusimama peke yake. Suhaila anakunja tishu na kuikunjua.

Nikasimama. Simu mkono mmoja, kipaza sauti mkono wa pili. Nikaviweka pamoja.

Adhana!

Nikasoma dua bila kukwama mahali. Lile koo la nusu likatia mtetemo fulani, mama mmoja akafuta machozi. Na hapohapo, krach! Watu sitini wakauma kuku kwa pamoja. Wa kwanza alikuwa Haji. Paja. Mara moja tu, mfupa ukaonekana.

Ndipo mama aliyeketi dirishani akauliza, kwa upole tu, mbona jua linampiga machoni.

Tukageuka wote. Jua lile pale, limekalia paa la benki, jekundu, halina haraka na mtu.

Kasa peke yake hakuwa amegusa kitu. Akainuka na karatasi yake. Akasema bado dakika saba. Simu ya Deraman inafuturu Kota Bharu, akasema, na jua la huko hutangulia kulala. Akawaomba watu wasite, wajizuie mpaka wakati wenyewe, na siku ya leo kila mmoja ailipe baada ya Idi.

Dakika saba! Watu sitini, kila mmoja anatazamana na kuku aliyemuuma. Majina niliyopewa humo, sikuyajua yote. Mzee wa Kuonja. Waziri wa Magharibi. Dereva mmoja wa teksi akaniuliza kama naweza kuisogeza na Idi, maana likizo yake inaanza Jumatatu. Nikamnong'oneza Kasa, mbona hukunionya? Akasema, "Uliniomba kipaza sauti. Saa hukuniomba. Karatasi ukaniambia nifungie karanga."

Nikangoja Haji ainuke, amshike mwanawe mkono, waondoke. Suhaila alikuwa amefunika uso wote kwa tishu.

Haji akainama sikioni kwangu. Akauliza kama humu kuna mtu wa Pulau Pinang. Nikasema simjui hata mmoja. Akapumua. Akasema mtu wa kamati ya msikiti kufungua kabla ya wakati, tena wa kwanza, tena paja zima... Mkwe wangu, akasema, habari hii isivuke daraja.

Mkwe wangu! Nikamwambia kifua changu ni kaburi. Halijah akakohoa.

Basi adhana ya kweli haijafika, tarehe imeshapatikana: wiki ya tatu baada ya Idi. Suhaila akaondoa tishu usoni. Kumbe muda wote alikuwa anacheka mpaka machozi.

Jumapili, 23 Machi

Kipaza sauti kimerudi kwa Kasa. Kwenye kaunta ya Seri Garing wamebandika tangazo: wateja waheshimiwa, tafadhali adhana ni moja. Jina langu hawakuliandika. Adabu nzuri.

Halijah ameuliza nimejifunza nini. Nimemwambia nimejifunza kwamba Fadhil hajui simu. Kwa hiyo nimeirekebisha mwenyewe. Nimeondoa Kota Bharu, nikachagua mji wenye jina linalopendeza: Kuching. Nasikia uko ng'ambo ya bahari, mbali zaidi huko mashariki, lakini Mwislamu ni Mwislamu. Tena adhana yake ina sauti tamu.

Kisha nimemtumia Haji Bakhtiar ujumbe, naunakili hapa usije ukapotea:

Mkwe, salamu. Ile habari ya paja haijavuka daraja. Sijamwambia mtu, ukiacha wanne, nao nimewaapisha. Kwa hisani hiyo unanidai shukrani, hapana, mimi ndiye ninayekudai, naona nimeichanganya. Naomba kitu kidogo tu. Siku ya harusi, dua nisome mimi. Saa nitakuja na yangu.