Tafadhali Ng'oeni Kumbukumbu Mpya ya Kompyuta ya Malalamiko

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta,
Ghorofa ya juu.

Ndugu Mkuu,

KUHUSU: KASI ILIYOPITA KIASI KATIKA OFISI YA MALALAMIKO YA WAPANGAJI

Natumaini u mzima, wewe na mitambo yako. Mimi ni karani wa malalamiko, chumba cha chini kabisa, mlango unaotazamana na ngazi. Wiki iliyopita ulimtuma fundi wako, yule anayepiga mluzi, aje kuongeza kumbukumbu kwenye kompyuta yangu. Alifungua kasha, akapuliza vumbi lote likaingia kwenye chai yangu, akachomoa kijiti cha zamani cha kumbukumbu, wenyewe wanakiita RAM, akakisugua kwa kifutio changu cha penseli, akakirudisha kwenye bodi. Kisha akachomeka na vipya pembeni yake, akavikandamiza mpaka vikalia kap! Akaondoka na mluzi wake. Tangu siku hiyo sina raha, na sababu ni hizi:

1. Hujui kazi ya ofisi hii ilivyokuwa ikifanyika, nami sikulaumu, maana haijaandikwa popote. Mpangaji alikuwa anaingia akifoka. Namkaribisha, nabonyeza kitufe, namwambia kwa adabu avumilie kidogo, mashine inaamka. Anayelalamikiwa naye hufika mbio kusikia anasemwa nini, na benchi ni moja tu. Basi wanakaa bega kwa bega, wanatazama kile kiduara kinavyozunguka. Kwanza wananuniana. Halafu mmoja anauliza hivi hii kompyuta ni nzima kweli. Wa pili anacheka. Ukurasa unapofunguka, wameshakumbuka kwamba wanaazimana pasi, na wanaondoka pamoja wakiisema serikali. Ndugu Mkuu, huo ndio ulikuwa usuluhishi wetu.

2. Juzi aliingia Mama Kamba, tunamwita hivyo kwa ajili ya ugomvi wake wa kamba za kuanikia nguo. Alikuja kumshtaki jirani yake, Mzee Redio. Kabla hajagusa benchi ukurasa ulikuwa wazi, unanikodolea macho. Ningefanyaje? Niliandika yote, pamoja na chumvi ambayo zamani angeiondoa mwenyewe baada ya hasira kupoa. Mzee Redio alipofika akihema, nikaandika na majibu yake, ambayo siwezi kuyarudia kwenye barua ya heshima. Sasa hawasemeshani. Kila asubuhi Mzee Redio anapita ofisini kuniomba nimwambie Mama Kamba kwamba hajambo.

3. Sifa za mashine zimeenea, na wanakuja hata wasio na neno. Kuna aliyemlalamikia mpangaji ambaye bado hajahamia, kwa tahadhari tu. Mwingine alilalamikia foleni ya ofisini kwangu. Nikamwandika. Aliyekuwa nyuma yake akamlalamikia huyo kwa kuchelewesha foleni. Nikamwandika pia.

4. Nisije nikaonekana mtu wa kulia tu, nimejaribu kuipunguza kasi mwenyewe. Nilifungua mafaili yote kwa mpigo. Ikayameza. Nikaiwekea na video ya harusi ya dada yangu, yenye hotuba zote za wajomba. Ikameza, na bado ikawa inanisubiri mimi. Nikaamua kuandika kwa kidole kimoja, lakini mteja wa siku hiyo alikuwa katibu muhtasi mstaafu. Alinisogeza kwa kiwiko, akajiandikia malalamiko yake mwenyewe, na akanisahihishia ya watu wengine.

5. Nawaza mtakapofikia ofisi ya ndoa. Bwana harusi mwenye wasiwasi atapata wapi nafasi ya kufikiri? Na mwenye kutaka talaka je? Atapiga chafya tu, atajikuta ameshaachika.

6. Hili naliandika kwa aibu. Mke wangu naye ni mpangaji. Ananinunia siku nyingi sasa, vyombo ndivyo vinavyozungumza kwa niaba yake jikoni. Ameniarifu kwamba Jumatatu atakuja ofisini kunilalamikia rasmi, na amekataa katakata kusema kwa lipi. Nampenda mke wangu, Ndugu Mkuu, na naogopa. Kwa mashine ya zamani ningekaa naye kwenye benchi, tukatazama kiduara, na maneno yangenijia. Kwa hii mpya nitakuwa mshtakiwa kabla sijampangusia vumbi pa kukaa.

Kwa hiyo naomba vijiti hivyo ving'olewe kabla ya Jumatatu. Ikishindikana, kibaki kimoja, nacho kiwe kibovu. Vumbi niko tayari kulirudisha mwenyewe.

Nisalimie wote huko juu, mhudumu wa chai, mlinzi wa zamu, na hata fundi, ingawa sijamsamehe.

Wako katika utumishi na mashaka,

Karani wa Malalamiko.

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha mke wangu alipoingia. Hakungoja Jumatatu, na mashine haikumngoja yeye. Kwa mujibu wa kazi yangu, niliandika kila alichosema. Kwamba mumewe kila siku anachelewa kurudi, anamkuta mke ameshakula peke yake. Kwamba akiulizwa husingizia kompyuta inasuasua. Kwamba alichoka, akapanda ngazi mwenyewe mpaka kwako kukuomba uiongezee kumbukumbu, wewe ukamkubalia. Na kwamba sasa mashine inakimbia, mume bado harudi, basi mke aambiwe mumewe yuko na nani. Ilibidi nimjibu ukweli, kwamba jioni zote za wiki hii nilikuwa naandika barua hii. Aliisoma yote akiwa amesimama. Alipofika namba sita akaketi.

Nimeamua shauri dhidi yangu, na nimekubali kosa. Tafadhali msing'oe kitu. Vijiti vikiwa vimebaki stoo, mniongezee. Uniwie radhi kwa mwandiko huu, naandika gizani: ameshazima taa na ananisubiri mlangoni.