Mpokeeni Tena Kiungo Wenu

Kwa Ndugu Katibu Mkuu wa Klabu,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi ya kuongoza watu wenye misuli na maneno mengi. Mimi ni fundi cherehani wa mtaa wa pili nyuma ya uwanja wenu, na ni mke wa yule aliyevaa jezi namba nane kwa misimu kumi na minne. Mwezi wa tatu mlimuaga kwa hotuba mbili na saa ya ukutani, kisha mwenyekiti wenu akanishika mkono mbele ya mashabiki akasema, "Mama, tunakurudishia mumeo akiwa mzima." Nilipiga makofi kama wengine. Leo, baada ya miezi mitano ya kukaa naye mchana kutwa, naleta malalamiko yangu kwa utaratibu, na naomba yasomwe mbele ya kamati nzima, asikosekane mtu.

1. Kwamba hakuwa mzima. Goti lake la kushoto linalia kama mkasi mkavu kila akichuchumaa, na halikunjiki likafika mwisho. Nakumbuka siku lilipoumia. Ilikuwa dakika ya sabini, mvua inanyesha, beki mmoja mwenye mwili wa kabati akamvaa kwa nyuma. Wangu alianguka, na badala ya kulia kama watu wengine, akawa amelala kwenye tope huku anamwonyesha winga wenu kwa kidole pa kukimbilia. Winga akakimbilia pale pale, akafunga, mkashinda. Winga alitoka amebebwa mabegani. Wangu alitoka amelazwa kwenye machela. Sikulalamika siku ile kwa sababu nilikuwa naruka ngazi za jukwaa na viatu mkononi. Nalalamika leo.

2. Kwamba mlimfundisha kutomaliza jambo. Katika misimu yote kumi na minne alifunga magoli tisa. Moja alijifunga, lakini mimi nalihesabu maana lilikuwa zuri. Mengine yote ya timu aliwatengea wenzake. Nilipokubali kuolewa nilidhani ule ukarimu ni wa uwanjani, ukivuliwa jezi unavuliwa nao. Sivyo, Ndugu Katibu. Binti yetu wa miaka tisa akimwomba ruhusa ya kwenda kwa rafiki yake, jibu linatoka kabla swali halijatua: "Mama yako yuko huru, mpe yeye." Juzi mwenye nyumba alikuja kuangalia bomba linalovuja. Mume wangu alimpokea mlangoni kwa heshima zote, akamgeuza taratibu, akamleta hadi kwenye cherehani yangu, akaniachia. Nilipoinua kichwa kuomba msaada, alikuwa kashajitanua hadi kwenye friji, mkono juu, anangoja nimrudishie.

3. Kwamba hanyamazi. Mimi nafanyia kazi sebuleni. Meza ya kukatia iko dirishani, cherehani iko ukutani, na kati yake pana nafasi ya mtu mmoja mwembamba. Hiyo ndiyo nafasi aliyoichagua. Anasema kutoka pale anaiona nyumba yote. Mwezi uliopita nilikuwa nakata mkono wa gauni la bibi harusi, kitambaa laini kisichosamehe. Mteja mwingine, muuguzi wa zahanati, akaingia polepole bila kubisha. Mume wangu akanguruma, "Mtu mgongoni!" Mkasi ukaenda ulikotaka. Muuguzi akajirusha upande, akaangusha ndoo ya vifungo. Ilibidi gauni lile nilishone upya bila mikono kabisa, bibi harusi akalipenda kuliko lile alilochagua mwanzo, na sasa wanakuja wengine wakitaka la namna hiyo. Nisieleweke vibaya. Nalalamikia mkasi.

Nyongeza ya hiyo hiyo namba tatu: yule muuguzi sasa kila ninapompima kiuno anageuza shingo nyuma mara mbili. Namwambia atulie, hatulii. Anasema mume wangu kamfumbua macho.

4. Kwamba ameninyang'anya ukoo wangu. Baba yangu alitimiza miaka sabini mwezi wa sita, tukajaa ndugu ishirini na sita kwenye chumba cha watu kumi. Kwa kawaida, kwetu sherehe ni kusukumana. Wa mlangoni hula kwanza, wa pembeni hupata mabaki, na shangazi mkubwa huondoka amenuna. Mimi nilimwomba mume wangu jambo moja tu, akae. Alikaa kama dakika mbili. Kisha nikasikia ile sauti.

"Shemeji, usikae na sahani, itembee! Mjomba, sogea kulia, una uwanja mzima hapo! Shangazi, geuka, inakuja!"

Shangazi mkubwa, ambaye hajapokea amri ya mwanamume tangu alipoachana na mumewe, aligeuka. Akapokea bakuli la mchuzi bila kumwaga hata tone, akampasia mjomba. Robo saa haikuisha, watu wote wana chakula na kingali cha moto. Yeye peke yake alikuwa amesimama katikati, mikono mitupu, anatazama nani hajapata.

Sasa hapa naomba mnisikilize. Baba yangu hakuwahi kumkubali mtu huyu. Siku ya posa alisema mpira si kazi, na kwa miaka kumi na miwili alimwita "yule mkimbiaji". Siku hiyo ya sherehe aliweka kijiko chini, akasema, "Kumbe muda wote huu, huyu ndiye aliyekuwa anafanya kazi." Mume wangu akatoka nje akasema anakwenda kunawa mikono. Alinawa muda mrefu mno kwa mtu ambaye hajala.

Matokeo yake ni kwamba ndugu zangu hawanipigii simu tena. Wanampigia yeye. Kuna kikao cha binamu mwezi ujao na mimi nimeambiwa naweza kumsindikiza.

5. Kwamba hamkunipa maelekezo ya Jumamosi. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Jumamosi saa nane anaoga. Saa tisa anavaa suruali ya mazoezi na kulifunga goti bandeji, mizunguko mitano, taratibu, kama alivyomfundisha daktari wenu. Saa kumi kamili anakaa ukingoni mwa kitanda, viganja juu ya mapaja. Hasemi na mtu mpaka mchezo wenu uishe. Jumamosi ya kwanza nilidhani ni homa, nikampikia uji. Ukapoa.

Kutoka chumbani kwetu uwanja unasikika vizuri. Watu wakiguna anasema kwa sauti ya chini, "Kona." Wakizomea anasema, "Hiyo haikuwa faulo." Hakosei. Jumamosi iliyopita zililipuka kelele mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka, nami nikakimbia kuwasha redio ili afurahi. Mtangazaji akataja mfungaji mara saba, akamwita simba, akamwita radi. Mume wangu akainama kuelekea kwenye redio.

"Nani kampa?" akaniuliza.

Nikamwambia tusubiri, watasema. Tukasubiri. Wakasoma matangazo ya rangi za nyumba, wakamrudia mfungaji tena.

"Hawajasema," nikamwambia.

Akazima redio, akajilaza akautazama ukuta, na viatu vyake miguuni. Ndugu Katibu, nimeshona miaka ishirini. Najua kuziba tundu, kupunguza, kuongeza, kuficha mshono. Nilisimama pale mlangoni na futi ya kupimia shingoni, sikujua pa kuanzia.

6. Kwa hiyo naomba. Mchukueni. Sichagui cheo. Apulize mipira, apange koni, abebe maji, asimame mstari wa pembeni awapigie kelele watu wanaolipwa kupigiwa kelele. Hamna haja ya kumvalisha, sare nitamshonea mimi. Hata kama ni kukaa tu kwenye benchi akikasirika, akasirikie huko penye kinachomkasirisha, kuliko kukaa kitandani kwangu amenyamaza. Naomba mje mumchukue ndani ya siku kumi na nne tangu mpokee barua hii, la sivyo nitamleta mwenyewe na kumwacha katikati ya uwanja, mahali alipozoea, na mtajua wenyewe mtachezaje.

Nisalimieni kocha, na daktari mwenye mikono baridi. Msalimieni bawabu wa lango la mashariki aliyekuwa akiniruhusu kuingia na cherehani ya mkono siku za kazi nyingi. Kipa mwambieni jezi yake iko tayari tangu mwezi jana. Na yule mshambuliaji aliyetengewa na mtu mmoja magoli arobaini, halafu tangu sherehe ya kuaga hajafika hata kusema hodi, naye msalimieni, ila taratibu.

Ni mimi, kwa masikitiko na adabu zote,
Mke wa Namba Nane,
Fundi wa Nguo za Kike na Matengenezo.

Baada ya sahihi: Barua hii ilikaa siku nne kwenye droo kwa kukosa bahasha. Jana, kabla sijaituma, kocha wenu alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha wateja, akamwomba mume wangu akawafundishe viungo wa timu ya vijana, kambini, mji mwingine, miezi miwili. Hakuna aliyemwomba kocha wala kumshauri. Kasema walikwama wakamkumbuka. Mume wangu alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tuoane. Leo saa tatu asubuhi nilimsindikiza hadi kwenye basi lenu, nikapunga mkono nikiwa mchangamfu kama mtu aliyeshinda kesi.

Nikarudi ndani. Nyumba imetulia. Naweza kukata kitambaa chochote nitakacho na hakuna wa kunishtua. Tangu saa tatu sijakata hata uzi, na sasa ni saa tisa. Mteja mmoja kaingia, kanitazama, kaniuliza kwa upole kama tumefiwa.

Kwa hiyo naomba kamati isizisome namba moja hadi tano. Namba sita isomwe, lakini kila penye neno "mchukueni" mlifute, muandike "mrudisheni". Kama miezi miwili ni lazima, basi Jumapili apewe ruhusa. Kama Jumapili haiwezekani, kambi ihamishiwe hapa sebuleni. Meza nitaisogeza.