Kompyuta Iliyopelekwa Itumbe

Mogire hakuwahi kuiba kitu cha mtu. Hilo alilisema mwenyewe mara nyingi, na askari wa Kisii walikuwa bado hawajapata ushahidi wa kumpinga. Kazi yake ilikuwa kuvikutanisha vitu visivyotakiwa na watu wasiojua. Kwa hiyo asubuhi ile ya mwaka wa tisini na sita, alipomwona Arvind, mwenye duka la mabati na misumari, akiisukuma kompyuta kwa mguu kuelekea jaani, alisimama kama mtu aliyeitwa jina.

"Arvind bhai, huyo mgonjwa anapelekwa wapi?"

"Natupa," Arvind akasema. "Swati, binti yangu, nanunua mpya Nairobi. Hii hapana kazi, hata disketi yake hakuna tena duniani."

"Usitupe. Nitamtafutia kwao."

"Chukua. Lakini akirudi hapa, mimi sijui yeye."

Kusema kweli, Mogire mwenyewe hakujua kompyuta hufanya nini. Alijua tu kwamba ilikuwa nzito, na kitu kizito huheshimiwa. Isitoshe, alikuwa na haja. Alikuwa amemposa Ruth wa Marani, msichana mwenye akili kuliko wachumba wote waliowahi kumsogelea, na baba yake, Mzee Manasseh, alikuwa ametoa sharti moja: ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi, mwenye mimba, aonekane uani kwa macho. Maneno ya Mogire, mzee alisema, alikuwa ameshayala akashiba.

Basi akaifuta mashine vumbi, akaipakia kwenye pikapu ya rafiki, akaenda Itumbe kwa Bitutu.

Bitutu alikuwa mjane mwenye majani chai mengi na wivu mwingi zaidi. Jirani yake alikuwa amenunua televisheni, na tangu siku hiyo Bitutu alilala vibaya. Mogire alilijua hilo. Ujanja bila upelelezi ni kubahatisha tu.

"Mama, televisheni inaonyesha mambo ya watu wengine," alimwambia kwa upole. "Hii inashughulika na mambo yako. Unaiuliza bonasi ya chai, inakuambia kabla kiwanda hakijajua."

"Washa nione."

Umeme ulikuwa sokoni tu, kwenye nyumba ya kinu cha kusagia mahindi. Wakaipeleka huko. Mogire akaomba kimoyomoyo, akabonyeza. Mashine ikanguruma, kioo kikawa cheusi, halafu kistari kidogo cha kijani kikaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Hakikufanya jambo lingine lolote.

"Inafanya nini?" Bitutu akauliza.

"Inafikiri, Mama."

"Inafikiri nini muda wote huo?"

"Ingekuwa inajibu haraka, wewe ungeiamini?"

Bitutu akakitazama kile kistari, akamtazama Mogire, kisha akauliza anataka nini. Mogire akataja ng'ombe huku akiangalia pembeni, kama mtu anayeona aibu kusaidiwa.

"Njoo kesho asubuhi," Bitutu akasema. "Nitakupa mwenye mimba ya miezi saba. Mimi si mchoyo."

Na kweli, kesho yake ng'ombe alikuwa langoni, tumbo limemjaa kama pipa. Mogire alimpigapiga ubavu, akasikia kitu kikicheza ndani, akamhesabu ndama kuwa jike. Akamwacha Bitutu na mashine yake, akashika kamba, akaondoka akipiga mluzi.

Hawakufika mbali, ng'ombe akakojoa. Mogire akangoja kwa adabu, mjamzito huheshimiwa. Mbele kidogo akakojoa tena, na sasa mkojo ukatengeneza kijito kilichovuka barabara. Kabla ya kufika mjini alikuwa amekojoa mara ambazo Mogire aliacha kuzihesabu, na kila mara tumbo lilishuka. Walipopita Daraja Mbili, mama mmoja muuza ndizi alimtazama mnyama, akamtazama mwenyewe.

"Baba, huyu alilambishwa chumvi usiku kucha, halafu akapewa maji. Ulimnunua kwa nani?"

"Si wangu," Mogire akajibu, akaivuta kamba mpaka Marani.

Mzee Manasseh aliwapokea uani. Akamzunguka ng'ombe, ambaye sasa mbavu zake zilionekana zote, akamfungua mdomo, akakuta meno machache yaliyobaki yakiagana.

"Huyu amezalia njiani?" aliuliza. "Ndama yuko wapi?"

Mogire akaomba wiki moja.

Alirudi Itumbe akiwa na hasira ya mtu mwema. Angeitaka mashine yake, na ng'ombe wa haki. Lakini pale sokoni alikuta nyumba ya kinu imepakwa rangi, na juu ya mlango ubao: CHUO CHA KOMPYUTA ITUMBE. Nje walipangana vijana wa wakulima, wasichana kwa wavulana, kila mmoja na karo mkononi. Bitutu alikaa mlangoni akipokea.

"Mama, ulinipa ng'ombe wa maji," Mogire akanong'ona.

"Na wewe ulinipa mashine ya kufikiri," Bitutu akajibu. "Mimi nilitafuta mtu wa kuisaidia. Ingia umsalimie mwalimu."

Ndani, mbele ya mashine, alisimama Ruth, ambaye alikuwa amesomea taipu mjini. Alibonyeza herufi, na herufi ikatokea kijani kwenye kioo. Akabonyeza nyingine, nayo ikaja. Darasa zima likashusha pumzi. Mogire pia. Siku zote zile hakuwahi kuthubutu kugusa kibodi.

Ruth alimwona, akatoka na chaki mkononi.

"Nilisikia kuna kompyuta Itumbe, nikaja kuomba kazi," alisema. "Nani angejua mtu anaweza kuachilia kitu kama hiki? Mama Bitutu anasema alikipata kwa mjinga fulani."

Mogire akamtazama Bitutu pale mlangoni.

"Nenda ukamwone baba," Ruth akaendelea, akijizuia kucheka. "Lakini ujipange. Anasema ng'ombe mmoja ilikuwa bei ya msichana wa nyumbani. Ya mwalimu wa kompyuta ni watano."