Imba Kidogo Tusikie

"Wewe hujui filamu. Filamu ya nyimbo bila treni ni mahubiri tu."

"Kwani treni inaimba?"

"Inaimba kuliko wewe."

Abdirizak na Nyangau walikuwa wameshikana kwa maneno hivyo tangu asubuhi, kwenye benchi nje ya duka la Abdirizak, sokoni Magwagwa. Redio ndiyo iliyochokoza: piga simu, tetea filamu ya nyimbo iliyo bora kuliko zote za zamani, upate tiketi mbili za sinema Kisii mjini. Nyangau wa bodaboda, jina la kijiweni Klachi, alishapiga, akaambiwa angoje wampigie. Tiketi ya pili ilikuwa na mwenyewe. Drusilla, anayeuza chai hapo, sauti ya kwanza kwa kwaya ya Wasabato, alikuwa amemwambia: "Ukishinda, nitaenda na wewe." Maneno hayo Klachi aliyatafuta mpaka viatu vikaisha soli.

"Ni *Bangili za Kamla*," Klachi akasema, akigonga helmeti. "Jamaa anachapa kijiji mzima na ndoo. Na maji haimwagiki."

Abdirizak, ndiye wanayemwita Sukari, akacheka akipima mchele. "Wallahi hujaona kitu. *Mpishi wa Reli*, yule adui ana masharubu unaweza kufungia ng'ombe."

"Masharubu si wimbo," Drusilla akasema, akimimina chai. "Tangu mwanze ni ndoo, treni na ndevu. Nyimbo ziko wapi?"

"Ziko ndani," Klachi akasema. "Hiyo filamu naijua kama njia ya kwetu."

"Uliionea wapi?"

"Wapi tena? Kwa banda la vidio la Mzee Mogaka, kama watu wote."

Mwishoni mwa benchi, Mogaka mwenyewe aliyekuwa anakula ndizi akaacha kutafuna.

Simu ikalia. "Mcheza kwao hutuzwa," Klachi akasema, akaweka spika Drusilla asikie.

"Uko hewani, kaka," mtangazaji akasema. "*Bangili za Kamla*, sawa kabisa. Hebu imba kidogo tusikie."

Klachi akafungua mdomo. Akamtafuta Kamla kichwani. Akamwona anavuta pumzi, halafu picha inakimbia, mikono inarukaruka kama kuku ameshikwa, sauti ni ya panya, halafu ndoo. Akamwangalia Sukari. Sukari akaangalia mchele.

"Tunakungoja, kaka."

Basi akaimba aliyoyajua. "Wiwiwiwiwi. Twii."

Simu ikakatwa. Ndani ya duka, redio ilikuwa inacheka mpaka inakohoa.

"Tata," Klachi akamgeukia Mogaka, "nyimbo ulipeleka wapi?"

"Nilikuwa naziruka na rimoti. Wimbo moja inakula stima ya kuonyesha ngumi tatu. Kuna mtu alilalamika?"

"Yaya, hapana, hakuna," Sukari akakubali. "Tulipiga makofi."

Drusilla akafunika birika lake. "Nyangau, ukipata filamu iko na nyimbo, niite."

"Ngoja kwanza, Drusi. Nisikize."

"Hapa sasa," Mogaka akanong'ona, "ndio mimi huruka."

Lakini rimoti haikuwepo. Drusilla akageuka akaenda, mwendo wake wa kawaida, hatua kwa hatua, birika mkononi, mpaka kona ya buchari.