Bonde Moja, Majina Manne

Jumatatu, 6 Mei

Nimeamua. Jumamosi hii naibuka mshindi wa maonyesho ya chama chetu cha wapiga picha za mandhari. Hakuna mjadala! Mshindi anachapishiwa picha yake kubwa, upana wa ukuta, na ukuta ninao. Ni ule wa sebuleni, mkabala na kiti changu. Tatizo ni mama mkwe, fundi cherehani asiyejua kushindwa, ambaye ameutolea macho ukuta huo huo. Anataka kutuletea kabati lake la vyombo. Mke wangu ametoa hukumu: nikishinda, picha, nikishindwa, kabati. Siko tayari kuzeeka nikitazamana na vikombe vya mama mkwe.

Leo chamani Mwalimu alipitia kazi zetu. Ni mama mpole, husema mabaya kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa. Alisema katika picha yangu ya bonde, mstari wa mbingu na ardhi umekaa katikati kama mshipi kiunoni, jicho halijui liende juu au chini. Tena kuna mti, mto, nyumba na mlima, vyote vinagombea kusikilizwa. Akasema nichague kimoja, vingine nikate. Mwanachama mwenzetu, daktari wa meno, akaafiki kwa kichwa. Nani kamuuliza? Huyu ana lenzi ndefu kuliko mkono wangu, na hawezi kumaliza sentensi mbili bila kutamka neno "theluthi", ile kanuni ya kuigawa picha mafungu matatu.

Jumanne, 7 Mei

Nimepanda kilima cha tangi la maji kabla ya jua. Nilihema kama mbuzi wa mnadani. Nilikuwa na kamera, kitambaa cha lenzi, na hila kadhaa. Hakuna kilichonisaidia.

Ukungu ulikuwa umelala bonde zima. Mlima ulielea juu yake, hauna miguu. Kisha jua likachungulia, na ukungu ukaanza kujifunua taratibu kutoka kushoto: kwanza ule mti mkavu, halafu kona ya mto, halafu mapaa ya nyumba na moshi wake, mwisho jabali lote likawaka dhahabu. Ya Rabi! Nilisahau kamera. Nilisahau mama mkwe. Miaka yote naishi chini ya kilima hiki nikilalamikia maji kukatika, kumbe kila alfajiri haya yanatendeka bila kiingilio! Machozi yalinilenga. Nikasingizia baridi, ingawa hapakuwa na mtu wa kumdanganya.

Nilibonyeza mara moja. Nilipotaka kurudia, betri ikanizimikia. Hata hivyo ile moja imetoka. Imetoka haswa!

Jumatano, 8 Mei

Stoo ya vipuri ninakofanyia kazi haikuwa na wateja. Nikafungua picha kwenye kompyuta ya ofisi na kuanza kuipunguza kingo. Jamani, kukata ni uchawi! Nilivuta ukingo wa kulia, na ule mti mkavu, ambao jana ulikuwa kijiti tu pembeni, ukasimama peke yake kama mfalme aliyefiwa. Nikajaribu upande wa pili: jabali. Nywele zilinisimama. Kila nilipokata palizaliwa picha nyingine.

Ndipo wazo likanishukia. Mwalimu kasema nichague kimoja. Kwa nini kimoja? Kanuni ni picha moja kwa kila mtu, mwanachama au la, sawa. Lakini watu si wapo? Nimeigawa picha vipande vinne vilivyolingana, sikutupa hata chembe. Mti ni wangu. Mto nimemwandikisha mke wangu, nyumba nimempa shemeji, jabali nimempa mama mkwe. Yeyote akishinda, picha inaishia ukutani kwangu. Fikiria: mama mkwe mwenyewe analishinda kabati lake!

Kisha nikafuta picha nzima isibaki popote. Mwizi mwerevu haachi nyayo.

Alhamisi, 9 Mei

Nilikwenda studio kuchapisha. Nani yuko kaunta? Daktari wa meno! Nikajificha nyuma ya ubao wa picha za harusi. Alikuwa akikagua kazi yake: jiwe moja lililolowa, karibu kabisa, na nyuma yake ziwa limetulia hadi mwisho wa dunia. Basi. Jiwe na maji. Nilitaka kucheka, kicheko kikagoma. Jiwe lile lilinishika mkono likanitembeza hadi ng'ambo. Ni picha nzuri mno. Namchukia.

Alipotoka alisimama mbele ya ubao, akanisalimia kwa heshima zote, akaniuliza kama naoa tena.

Ijumaa, 10 Mei

Nimewasilisha picha zote nne ndani ya bahasha moja. Fremu haziruhusiwi, zinabandikwa tupu ukutani. Vizuri, gharama imepungua.

Ilibidi nimweleze shemeji, maana yeye ni kinyozi na siri kwake hudumu muda wa kunyoa kichwa kimoja. Alisema njia ya mwongo ni fupi. Nilimjibu kwamba hata ukumbi uko karibu. Nimemfundisha akiulizwa aseme, "Moshi unaliongoza jicho." Alirudia mara kadhaa. Mwishowe akawa anasema jicho linatoa moshi.

Mke wangu sijamwambia. Mama mkwe naye ametangaza atakuja kesho kuona maonyesho. Leo alipita nyumbani na utepe wa kupimia ukuta.

Jumamosi, 11 Mei

Nimeula wa chuya.

Ukumbi ulijaa. Mwalimu alikuwa amezibandika picha zangu safu moja, jinsi zilivyotoka kwenye bahasha: jabali, mti, nyumba, mto. Mke wangu akakuta jina lake chini ya mto. Akanitazama. Sikuwahi kupenda viatu vyangu kama dakika ile, niliviangalia sana.

Mama mkwe hakusoma majina. Alisogea hadi pua ikakaribia karatasi, kama anavyokagua kitambaa cha maua kabla ya kushona. Akasema kwa sauti ya soko zima, "Mwalimu, hivi vipande vimetoka jora moja. Aliyekata hakuangalia ua." Kabla sijameza mate, alishabandua mti na kuupeleka kushoto. Mto ukaufuata. Nyumba. Jabali. Akasukuma kingo zikagusana.



Mto ulitoka kwenye picha ya mke wangu ukaingia kwa shemeji bila kukatika. Moshi wa mapaa ulipinda ukaegemea mlima wa mama mkwe. Bonde lote likawa pale, kubwa kuliko nilivyolikumbuka, na mwanga ukitembea kutoka mwanzo hadi mwisho wake. Watu walisogea karibu. Daktari wa meno alivua miwani. Shemeji, kwa woga au kwa mshangao, akatamka kwamba moshi unaliongoza jicho, na kwa mara ya kwanza maneno hayo yalikuwa kweli. Mimi nilisahau kwamba nimeumbuka. Nilirudi kilimani, mdomo wazi vilevile.

Mwalimu aliuliza ile nzima iko wapi. Nikasema nimeifuta. Alifumba macho kwanza. Kisha akasema, kwa ile sauti ya mgonjwa, "Ndugu yangu, nilikwambia ukate kinachoizuia picha isionekane. Wewe umeikata picha." Ingeletwa nzima, alisema, ingeshinda bila ubishi. Kwa majina manne, matatu ya watu wasiojua kamera, haihukumiwi.

Daktari wa meno kashinda. Alikuja kunipa mkono na kuniambia bonde langu ni bora kuliko jiwe lake. Kumbe alimaanisha! Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Wakati wa kuondoka kila mtu alibandua chake. Jina langu, picha yangu, alisema mama mkwe, akalikunja jabali kwapani. Shemeji kapeleka nyumba kinyozini. Mke wangu amesema mto anautundika kazini kwake, ambako mimi siruhusiwi kuingia. Nimebaki na mti mkavu.

Jumapili, 12 Mei

Kabati limeingia alfajiri. Vikombe vinanitazama.

Sikuweza kukaa ndani. Nikapanda kilimani, betri imejaa. Mke wangu alinifuata, na mama mkwe nyuma yake akilaani mawe yote kwa zamu. Ukungu ukafunguka. Mama mkwe akanyamaza katikati ya laana. Alinishika mkono, mama wa watu, akasema, "Mwanangu, hii usiiguse na mkasi." Mke wangu alilia waziwazi, hakusingizia baridi. Leo mto ulikuwa umebeba wingu zima mgongoni, na nilipiga picha kubwa zaidi, pana zaidi, nzuri zaidi. Niliapa mbele yao kwamba hii itabaki nzima.

Na ilibaki nzima hadi baada ya chakula cha mchana.

Maana nimekaa nikatafakari, na kosa nimeliona. Vipande vilikuwa vichache mno, ndiyo maana mama aliviunga upesi. Halafu nilivitia bahasha moja, utoto! Picha ya leo ni pana, kwa maonyesho yajayo inatosha vipande sita bila shida. Jirani ana watoto wakubwa watano na mke mwenye kuheshimika. Nimewaalika wote chai.