Gogo la Nyuki Karakanani

Jumatatu, 3 Machi
Habari kubwa! Chuo cha ufundi kinatafuta karakana moja mtaani kwetu ya kufundishia vijana kazi za kijani, yaani kazi zisizoharibu hewa, miti wala viumbe. Mjomba, ambaye ni seremala, ameomba. Jirani yake Cheche, mchomeleaji vyuma, naye ameomba. Mjomba akikosa atafunga, maana wateja wamehamia samani za plastiki. Nami nitajifunzia wapi useremala? Haiwezekani. Lazima nisaidie.

Jumanne, 4 Machi
Nimechungulia kwa Cheche. Ana miche kwenye makopo ya rangi ya kijani. Akaniuliza mjomba wangu ana nini cha kijani zaidi ya kofia. Nikamwambia angoje tu. Mjomba hachomi maranda yake, humpa mfuga kuku. Vizuri, lakini maranda hayasisimui. Tunahitaji kitu chenye uhai.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata! Mwalimu wa biolojia ametuonyesha nyuki weusi, wanene, wakichavusha maua ya pasheni. Nikauliza wanaishi wapi. Akasema kwenye miti mikavu. Kengele ikalia kabla hajamaliza. Nyuma ya bustani ya shule kuna gogo lao, lina matundu ya mviringo kama yaliyopigwa kekee. Mtunza bustani amefurahi sana nilipoomba kuliondoa. Amefurahi kupita kiasi, lakini sikuuliza. Nimeziba matundu kwa matambara, nikalisukuma kwa toroli, nikalificha nyuma ya mbao za Mjomba na kuyazibua matundu. Atashangaa!

Jumanne, 11 Machi
Ajabu. Chini ya kiti ambacho Mjomba anamtengenezea mkaguzi wa chuo, atakayekuja Jumatatu, kuna unga laini wa mbao. Nikainama. Tundu! Ndani, mkwaruzo. Nikasikiliza mpaka shingo ikakakamaa. Nyuki anatoboa kwa taya! Hachoki? Mjomba kauliza nani kachezea kekee yake. Nikajibu, kwa ukweli kabisa, si mimi.

Jumapili, 15 Machi... hapana, 16. Nimechanganyikiwa. Nimeziba tundu kwa nta. Sasa matundu yamekuwa mawili.

Jumatatu, 17 Machi
Mkaguzi, mama mpole mwenye miwani, akakaa. Kiti kikavuma. Akasimama. Kikanyamaza. Akakaa tena, polepole. Kikavuma. Cheche, dirishani, alicheka mpaka akashika ukuta. Mkaguzi akachungulia chini, akaona nyuki, kisha gogo, akauliza vimefikaje. Mjomba akasema, "Mpwa wangu," kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa wake. Mkaguzi akataka kujua kama atapuliza dawa. Mjomba akakataa katakata. Nyuki hawana kosa, wameletwa tu. Gogo litakaa uani, mbao atazipaka mafuta, maana hawapendi kutoboa mbao zilizopakwa. Mkaguzi akaandika kwa muda mrefu.

Alhamisi, 20 Machi
Tumechaguliwa! Mkaguzi amepiga simu: vijana wanahitaji fundi anayejua kuishi na viumbe bila kuwaua. Mjomba alicheka, akanikumbatia, kisha akaniapisha: hakuna mdudu mwingine atakayepita mlango wa karakana. Nimeapa kwa moyo wangu wote.

Leo mwalimu ametufundisha kuhusu mchwa. Kumbe wanarutubisha udongo! Kengele imelia kabla hajafika kwenye chakula chao. Mtunza bustani anajua kichuguu kizuri, na amenikimbilia mwenyewe na sepetu.

Mjomba hakutaja dirisha.