Bomba la Kushikia: Limekamilika

Jumatatu, 3 Machi

Mama Watoto,

Karani wa halmashauri amenisimamisha kwenye korido. Anataka Taarifa ya Mafanikio ya kata yangu. Miaka mitano yote, mwisho keshokutwa mchana. Itasomwa barazani Alhamisi, kisha taarifa za madiwani wote zitachapwa kitabu kimoja. Nikamwambia hakuna shida. Nikatabasamu. Nikaenda kujifungia chooni dakika kumi.

Ungekuwepo ungeniandikia wewe. Wewe ndiye uliyekuwa na mwandiko.

Nimekaa mezani tangu saa tisa, upande wangu. Upande wako sikai. Nimeandika hivi:

Moja, tuta la barabarani limejengwa. (Lipo kwenye mtaa usio na njia ya kutokea. Gari linalopita pale ni moja, la yule mwalimu mstaafu, na tangu zamani alikuwa akiendesha kama anasindikiza mgeni.)

Mbili, pipa la taka limehamishwa kutoka mbele ya kinyozi hadi mbele ya bucha.

Tatu, pipa la taka limehamishwa kutoka mbele ya bucha hadi mbele ya kinyozi.

Nne, miti mitatu imepandwa. Mmoja uko hai. Ni ule uliokuwa ukiumwagilia maji ya kufulia.

Nusu ukurasa! Na herufi nimezikuza.

Diwani wa kata jirani amepeleka kurasa kumi na moja zenye picha za rangi. Yule tunayemwita Mkasi. Bado anatembea na mkasi wake mwenyewe mfukoni, asije akakuta utepe wa uzinduzi halafu wenyeji hawana cha kuukatia.

Jumanne, 4 Machi

Nimewaza lile bomba.

Uliliomba mwaka wangu wa kwanza. Hukuomba kingine. Ulisema, Mheshimiwa (na ukiniita Mheshimiwa nilijua leo nimekosa), zile ngazi za zahanati ni ishirini na tatu na hakuna pa kushika, wagonjwa wanapandaje? Nikasema nitalifikisha. Nililifikisha mara nne. Mara nne likaahirishwa. Nawe ukaendelea kupanda na goti lako bovu, ubavuubavu, mkono mmoja ukutani, ukirudi nyumbani kiganja cheupe kwa chokaa. Safari ya mwisho nilikwenda nawe. Tuliposhuka ulinishika mkono wa koti. Alama ipo mpaka leo, vidole vinne. Binti yetu ametaka kulifua koti hilo mara mbili. Nimemwambia si chafu.

Sasa sikia. Bomba limeingia kwenye orodha ya kazi ya injinia! Vyuma vimeshafika stoo. Wiki mbili, amesema. Taarifa inasomwa keshokutwa. Na wiki mbili ni nini? Kitabu kikitoka kwa mpiga chapa, bomba litakuwa limesimama siku nyingi. Nimeandika: Tano, bomba la kushikia kwenye ngazi za zahanati, kwa kumbukumbu ya marehemu mke wangu. Limekamilika.

Binti amelisoma akipita na kikombe. Akauliza, baba, limekamilika lini? Nikamwambia mambo ya halmashauri yana lugha yake. Akanitazama vile ulivyokuwa ukinitazama wewe. Sura hiyo umemwachia yote, hukubakiza.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi!

Tuta, kimya. Pipa, kimya. Pipa tena, mtu akakohoa. Miti, Meya akaangalia saa. Nilipofika kwenye bomba na kulitaja jina lako, baraza zima lilisimama. Walipiga makofi. Mkasi naye alipiga, kwa vidole viwili. Meya akasema huyu ndiye diwani anayewajali wanyonge. Taarifa ikapitishwa bila kupingwa.

Nilitembea mpaka nyumbani kwa miguu, kichwa juu. Nilitaka kukuhadithia. Nilifika mpaka mlangoni nikiwa nimeshaanza sentensi.

Jumatatu, 10 Machi

Msiba mdogo.

Nimekwenda kwa injinia kuuliza mafundi wanakuja lini. Akashangaa. Akasema, Mheshimiwa, wewe si ndiye uliyesoma kwamba limekamilika? Akafungua jalada akanionyesha. Kazi imekatwa kwa kalamu nyekundu, pembeni ameandika tarehe ya kikao chetu. Akasema yeye ni mtumishi tu, baraza likisema kitu kipo, yeye ni nani aseme hakipo? Vyuma amevipeleka kata ya Mkasi, kuzungushia bustani ya maua. Maua, mama!

Nikamuuliza kama kazi inaweza kufunguliwa upya. Akasema ni rahisi sana. Nisimame barazani niseme taarifa yangu haikuwa ya kweli.

Nikamshukuru. Nikasahau mwavuli wangu ofisini kwake. Nikaona aibu kuurudia.

Jumanne, 11 Machi

Nimepata akili nyingine. Nzuri kuliko ya kwanza.

Kazi mpya haiwezekani kwa kuwa kazi imekamilika. Sawa. Lakini kilichokamilika huharibika! Kuna fomu ya matengenezo, ya kijani, haipiti barazani. Nimeijaza. Kifaa: bomba la kushikia. Tatizo: limelegea. Hatua inayoombwa: kuwekwa jipya.

Nilitaka kuandika limelegea sana. Nikaona nisitie chumvi.

Jumatano, 12 Machi

Sikujua kwamba fomu ya kijani huja na mkaguzi.

Alifika asubuhi na futi ya chuma na daftari. Mtu makini, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inasimama. Akapanda ngazi zote ishirini na tatu. Akashuka zote. Akauliza, Mheshimiwa, bomba liko wapi? Nikakohoa. Akadhani nina kifua, akanionea huruma. Akachuchumaa, akapapasa ukuta kwa vidole, akatikisa kichwa. Limeibwa, akasema. Na hawa si wezi wa kawaida, hawa ni mafundi. Wameziba hata matundu ya skrubu.

Niseme ukweli, kwako sifichi. Kwa nusu saa nilifurahi. Kitu kikiibwa, maana yake kilikuwepo.

Alhamisi, 13 Machi

Furaha imekwisha.

Mkasi ameshika habari ya wizi. Amezunguka ofisi zote akisema kata ya mwenzetu mali ya umma haikai hata wiki. Ameomba kikao maalumu kesho. Askari wa halmashauri nao wakajiuliza, bomba la chuma huuzwa wapi? Wakaenda moja kwa moja kwa Nondo.

Unamkumbuka Nondo. Mnunuzi wa vyuma chakavu, kibanda chake kimeegemea ukuta wa zahanati. Ni yeye aliyekuwekea lile debe kwenye ngazi ya kumi na mbili, kichwa chini, akalitandikia gunia, upumzike katikati ya safari. Hakuna aliyemtuma. Mimi nilikuwa bado naahirishwa.

Wamefunga kibanda chake na kuchukua mizani yake. Kesho anatakiwa ajieleze mbele ya baraza.

Nilimkuta ameketi nje juu ya debe lile lile. Akainuka kunipa nafasi. Hakulalamika. Akauliza tu, mzee wangu, hilo bomba lilikuwa upande gani? Maana nimekaa hapa miaka tisa, na mama yetu nilikuwa namwona akishika ukuta. Nisaidie kukumbuka. Au ni macho yangu?

Nikamwambia macho yake ni mazima.

Nilikaa naye kidogo, nikaondoka. Muuguzi alikuwa dirishani. Hakunisalimu, na huyu ndiye aliyenishika bega siku ile tulipokupoteza.

Ijumaa, 14 Machi

Nimevaa koti. Binti akaona alama. Akaninyoosha kola.

Njiani nilitunga mipango mitatu. Wa kwanza: kuugua. Wa pili: kusema bomba lilichukuliwa na mafuriko. Wa tatu: kumtetea Nondo kwa nguvu zote bila kugusa suala la bomba. Wa tatu niliupenda sana.

Wakamwingiza Nondo. Amevaa shati jeupe la kuazima, mikono mirefu imemfunika vidole. Mkasi akasimama akamuuliza, wewe bwana, bomba la marehemu umelipeleka wapi? Nondo akasema, waheshimiwa, yule mama kama angekuwa na bomba ningekuwa wa kwanza kulipaka rangi.

Hapo mipango yote mitatu ikanitoka.

Nikasimama. Sikuomba hata ruhusa. Nikasema mwacheni. Hakuna bomba. Halikuibwa, halikulegea, halijawahi kuwepo. Mke wangu aliliomba miaka mitano iliyopita na mimi nikachelewa, halafu nikaandika limekamilika.

Mkasi mwenyewe alikaa chini.

Kisha karani akanyoosha mkono. Akauliza kwa unyenyekevu mkubwa, bomba ambalo halijawahi kuwepo aliandike chini ya mafanikio au chini ya hasara? Wakabishana dakika arobaini. Diwani mmoja akasema makofi yaliyokwisha kupigwa hayafutiki kikanuni. Mwishowe likapigiwa kura, na bomba likatangazwa halipo, kwa kura moja zaidi. Kura hiyo moja ilikuwa yangu. Kwa miaka mitano, ndiyo hoja yangu ya kwanza kushinda.

Taarifa yangu imetolewa kitabuni. Kibanda cha Nondo kimefunguliwa. Nilipotoka alikuwa ananingoja mlangoni. Nilijiandaa kutukanwa, na ningekubali. Akasema, mzee, pole. Basi.

Jumatatu, 17 Machi

Sijakuandikia tangu Ijumaa. Nilikuwa nimelala tu, nikitazama upande wako.

Leo binti akanivuta mkono, baba vaa viatu. Hakusema tunakwenda wapi. Tulipofika zahanati nikasikia cheche za kuchomelea.

Nondo ameweka bomba! Muuguzi alikuwa anashikilia ncha moja, gauni lake la kazi limejaa kutu. Halikutoka stoo wala kwenye fomu ya kijani. Limeungwa kwa vipande vitatu visivyofanana: kipande cha kitanda cha hospitali, kipande cha bomba la maji, na kipande ambacho Nondo mwenyewe hakumbuki kilikuwa nini. Limepakwa rangi ya bluu, maana ndiyo iliyokuwepo. Debe la ngazi ya kumi na mbili liko pale pale.

Nikauliza nani ameidhinisha. Muuguzi akasema, Mheshimiwa, hebu shika hapo. Nikashika mpaka saa saba.

Bibi mmoja ndiye aliyepanda wa kwanza. Akashika, akapanda polepole, hakuugusa ukuta hata mara moja. Alipofika juu nilimwomba nitazame kiganja chake. Akanishangaa, akanionyesha. Kilikuwa safi, hakina chokaa.

Nikapanda na mimi. Nilishika kwa mkono uleule wa koti.

Jumatano, 19 Machi

Mama Watoto,

Karani amekuja mpaka nyumbani. Mpiga chapa anasema kitabu kikiwa na ukurasa mtupu kitaonekana kimekosewa. Ninaweza kurudisha taarifa yangu, ila iwe ya kweli tupu. Anaingoja sebuleni sasa hivi, anakunywa chai.

Nimeandika kweli tupu. Tuta lipo, na nimetaja mtaa. Pipa limerudi lilikotoka. Mti mmoja, uliumwagilia wewe. Bomba limewekwa na mnunuzi wa vyuma chakavu na muuguzi, diwani alishikilia. Binti amesoma akanibusu kipajini. Tangu ulipoondoka alikuwa hajafanya hivyo. Nilisikia nimekuwa mtu mpya.

Ila nafasi imebaki chini, mistari miwili hivi.

Na asubuhi nilipofuata mwavuli wangu nilimgusia injinia suala la lile debe. Nikamwambia pale panafaa benchi, zuri, la mbao, lenye jina lako. Hakukataa! Alisema mbao zipo. Alisema wiki mbili. Na kitabu hakitoki kabla ya wiki tatu, karani mwenyewe ameniambia.

Safari hii ni tofauti kabisa. Safari hii kuna wiki nzima ya akiba.

Nimeandika: Sita, benchi la kupumzikia, ngazi ya kumi na mbili. Limekamilika.

Karani ameshaondoka nayo. Binti yuko mlangoni, ananiuliza nimeongeza nini pale chini. Ana ile sura.

Wewe huko uliko usinipime kwa niliyoyaandika. Nipime kwa mkono wa koti ulioushika. Unikumbuke.